TV imegoma: uitengeneze au ununue nyingine?

Watu wengi huanza na swali la "fundi atataka shilingi ngapi", na hapo ndipo wanapopigwa. Anza na swali jingine: kilichokufa ni nini?

TV bapa ukiifungua mgongo utakuta vitu vinne vya maana: kioo, taa zilizopangwa nyuma ya kioo, pawa saplai, na bodi kuu ambayo mafundi huiita mazabodi. Zipo pia TV zenye bodi nyembamba ya tano, tikoni, inayokilisha kioo picha. Kwenye TV nyingi ndogo za siku hizi kazi hiyo imehamishiwa kwenye bodi kuu au kwenye kioo chenyewe. Taa, pawa saplai na bodi ni spea, zinanunulika. Kioo hakinunuliki kwa maana ya kuleta faida: kioo kipya ukijumlisha na ufundi hukaribia bei ya TV nzima dukani, na mara nyingine huipita. Kwa hiyo kioo kikiwa kizima kuna la kujadili. Kikifa, mjadala umeisha, hata kama TV ilinunuliwa kwa bei kubwa na bado inang'aa kwa nje.

Vipimo vya hapa chini unaweza kuvifanya mwenyewe sebuleni kabla hujaipakia kwenye bajaji. Unahitaji tochi ya simu, chumba chenye giza na kama nusu saa.

Kwanza hakikisha TV ndiyo mbovu

Chomeka TV moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni wala kwenye gadi, kile kifaa cha kuilinda TV umeme ukipanda. Gadi nyingi hukawiza umeme kwa sekunde 30 hadi dakika kadhaa baada ya umeme kurudi, na gadi iliyoungua huiacha TV nzima ikionekana maiti. Jaribu soketi hiyo hiyo kwa chaja ya simu.

Kama TV yako ni ndogo na inatumia adapta ya nje ya volti 12, kama zile zinazotumika sana kwenye nyumba zenye sola huko vijijini, shuku adapta kabla ya kitu kingine. Soma kibandiko chake: volti lazima zilingane, na ampea za adapta mpya ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Adapta ya ampea 2 kwenye TV inayotaka 4 itawasha taa nyekundu, kisha TV itajizima mara tu picha inapotaka kutokea. Na aliyeunga waya za betri kinyume, chanya kwenye hasi, mara nyingi ameua fyuzi na daiodi ya ulinzi tu. Hiyo ni kazi ndogo, usikubali kuambiwa bodi nzima imekwenda.

Rimoti ipime kwa kamera ya simu. Ielekeze kwenye kamera, bonyeza kitufe, na utaona taa ya zambarau au nyeupe ikimulika kwenye skrini ya simu. Kamera ya mbele hufaa zaidi, kwa kuwa ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachoificha taa hiyo.

Sasa ishara. TV ikikuandikia kwamba hakuna signo, imeshakupa habari njema: kioo, taa, pawa saplai na sehemu kubwa ya bodi vinafanya kazi. Tatizo liko kwenye king'amuzi, waya wa HDMI au tundu moja. Badili tundu, badili waya. Picha inayovunjika vipande vya mraba na sauti kukatika ni shida ya antena au dishi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kama Kibosho, Machame na Marangu, kuna sababu ambayo fundi wa mjini hataiona akiwa mezani kwake: mgomba uliokuwa mfupi wakati antena inafungwa sasa umeziba njia ya mawimbi. Inua antena au kata majani, halafu ndiyo uanze kuilaumu TV.

Mwisho wa hatua hii, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, iache dakika 10, kisha uwashe tena. Bodi iliyoganda hurudi yenyewe kwa njia hii mara nyingi kuliko watu wanavyoamini.

Soma dalili, tena usiku

*Sauti ipo, picha hakuna.* Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote kwenye TV za LED, na ndiyo inayofanya watu watupe TV nzima bila sababu. Zima taa za chumba. Washa TV, bonyeza menyu ili uwe na hakika kwamba kuna kitu cha kuonekana. Weka tochi karibu kabisa na kioo na uimulike kwa upande, si moja kwa moja. Ukiona kivuli cha menyu, hata kama ni hafifu kama maandishi ya penseli, kioo kinachora picha na bodi inaituma. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma.

Nyuma ya kioo kuna mikanda ya alumini yenye taa ndogo za LED. TV ya inchi 32 huwa na mikanda miwili au mitatu, na kubwa zaidi huwa na mingi. Taa hizo zimeungwa kwa mfululizo kama shanga kwenye uzi, hivyo moja ikikatika, mkondo wote unakatika. Picha ikiwaka sekunde moja kisha ikawa giza huku sauti inaendelea, ni hiyo hiyo: kiendesha taa, yaani saketi inayozilisha taa umeme, kimegundua hitilafu kikajifunga.

Kwa nini zinakufa? Joto. Kiwandani mwanga huwekwa juu ili TV ing'ae dukani, mwenye nyumba haugusi, na taa zinachemka miaka mitatu au minne. Joto hilo hilo hulegeza gundi ya vilenzi vinavyokaa juu ya kila taa. Vikianguka, utaona vidoa vyeupe vyenye mwanga mkali kwenye picha. Na picha nzima ikianza kugeuka ya bluu au zambarau, taa zimechoka na siku zake zinahesabika, ingawa bado zinawaka.

Fundi akikwambia atabadilisha taa moja iliyoungua tu, kataa. Zilizobaki zina umri ule ule na zimepikwa kwa joto lile lile, utarudi kwake baada ya mwezi. Badilisha mikanda yote. Mwambie pia apunguze mkondo wa taa kwenye pawa saplai. Mafundi wazoefu hufanya hivyo kwa kuondoa au kubadili kipingamizi kimoja karibu na kiendesha taa. Picha hupungua mwanga kidogo sana na mikanda huishi muda mrefu zaidi. Ukifika nyumbani, ingia menyu ya picha na ushushe mwanga wa nyuma hadi asilimia 50 au 60.

Kuna hatari moja kwenye kazi hii, nayo lazima muiongelee kabla bisibisi haijashikwa. Ili kufikia taa, kioo chenyewe hunyanyuliwa na kuwekwa pembeni. Ni kipande chembamba cha glasi, na ukingoni kina tepe laini zilizogandishwa zinazokiunga na bodi. Kuanzia inchi 43 kinahitaji watu wawili. Kikipasuka mikononi mwa fundi, nani analipa? Jibu la "haiwezi kupasuka" halitoshi.

*Imekufa kabisa, hakuna hata taa nyekundu.* Hapa pawa saplai ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukifungua mgongo kwa kutazama tu, tafuta fyuzi karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Mara nyingi ni ya ampea 3.15, volti 250. Fyuzi iliyokatika kwa utulivu, kiwaya kimoja tu kimeachana, huenda ilichoka. Fyuzi iliyopasuka na kugeuka nyeusi ndani inasema kuna shoti mbele yake: daiodi, mosfeti (swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu), au kile kidude cha duara, mara nyingi cha bluu, kinachojitoa mhanga umeme unapopanda. Usifunge fyuzi kwa waya wala karatasi ya sigara. Umeme ukirudi hautakuwa na pa kuishia ila kwenye vipande vya bei kubwa.

Angalia pia kapasita, vile vikopo vidogo. Kichwa kikiwa kimevimba au kimetoa ute wa kahawia, kimekufa. Kinachowekwa lazima kiwe na maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, na kiandikwe nyuzi 105. Kapasita moja bei yake ni ndogo kuliko nauli ya bajaji ya kuipeleka TV kwa fundi, kwa hiyo ukitajiwa bei kubwa ujue unalipia ujuzi na muda, na si vibaya, ila usidanganywe kwamba spea ndiyo ghali.

Wakati mwingine kinachokutwa humo ni mjusi aliyekauka akiwa ameunganisha miguu miwili ya mosfeti, au kiota cha mende kwenye joto la pawa saplai. Na vumbi la Arusha la kiangazi, lile jekundu la barabara za ndani Moshono au Kwa Mromboo, likikutana na unyevu hushikana na kuanza kupitisha umeme kidogo kidogo. Brashi laini na spiriti safi vinatosha kusafisha, TV ikiwa imechomolewa.

Hapo hapo tahadhari: kapasita kubwa ya pawa saplai hubaki na volti 320 hivi hata baada ya kuchomoa waya, na baadhi hukaa nazo muda mrefu. Kama hujui kuiondolea chaji, macho tu, mikono mfukoni. TV ya chogo, ile nene ya zamani, ndiyo mbaya zaidi, kwani waya mnene unaoingia kwenye mgongo wa kioo hubeba volti zaidi ya 20,000. Hiyo usiifungue kabisa.

*Taa nyekundu inapepesa.* Hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika, uandike. Kwa watengenezaji wengi idadi hiyo ni msimbo wa kosa, na fundi mwenye mwongozo wa huduma wa modeli yako ataokoa nusu saa. Kwa kawaida lawama hugawanywa kati ya pawa saplai na bodi kuu. Mwenye maltimita hupima kwanza volti 5 za kusubiri. Zikiwepo, huangalia kama bodi inaagiza pawa saplai iwake au imenyamaza. Fundi anayekwambia "ni bodi" bila kushika mita amekisia.

*Imekwama kwenye nembo, au inajizima na kujiwasha.* Mara nyingi programu ndani ya bodi imeharibika, hasa kama umeme ulikatika TV ikiwa inajisasisha. Kuflashi, yaani kuiweka programu hiyo upya kwa flashi ya USB, ni kazi nafuu, lakini faili lazima liwe la namba ya bodi na la kioo kile kile. Likikosewa utapata picha iliyopinduka miguu juu, rangi za ajabu, au rimoti isiyotambulika. Kumbukumbu yenyewe ikifa, inabidi kubadilishwa chipu au bodi.

Kama bodi ya asili haipatikani, utaambiwa kuna bodi ya jumla, zile za Kichina zinazokubali vioo vingi. Zinafanya kazi. Unapoteza intaneti kama TV ilikuwa smati, na fundi lazima aweke volti za kioo sawa kabla ya kuwasha: kuna vioo vya volti 3.3, vya 5 na vya 12. Kiungio kidogo kwenye bodi ndicho kinachochagua. Akipeleka 12 kwenye kioo cha 5, amekiua papo hapo na TV yako imehama upande wa zisizotengenezeka.

*Mistari, nusu picha, weupe mtupu.* Hapa kuwa na subira. Skrini nyeupe au kijivu bila picha, au rangi zilizogeuka kama negativu ya picha ya zamani, inaweza kuwa tikoni au tepe iliyolegea tu, na hiyo inatengenezeka. Lakini mstari wima mmoja mwembamba usiobadilika, au kundi la mistari upande mmoja, kwa kawaida ni gundi ya tepe za ukingoni mwa kioo imeachia. Bonyeza taratibu fremu mahali mstari unapoanzia: ukipotea na kurudi, ni hilo. Kuna mafundi wanaobana hapo kwa kipande cha karatasi au sponji, wengine huziba pini moja kwa tepu ili nusu nyingine ya kioo ifanye kazi yote. Mbinu hizo zipo na zinaonyesha picha, ila hakuna anayejua kama ni kwa wiki au kwa mwaka. Zilipie bei ya wiki.

Chanzo kikubwa cha ugonjwa huo ni maji ya kusafishia. Mtu anapulizia kioo maji ya sabuni, maji yanateleza hadi ukingo wa chini, yanaingia penye tepe. Futa kwa kitambaa kikavu laini. Ikibidi unyevu, lowesha kitambaa, si kioo.

*Ufa, au doa jeusi linalosambaa kama wino.* Kioo kimepasuka. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kununua, ila usitupe mzoga.

Hesabu

Jumlisha spea, ufundi na usafiri wa kwenda na kurudi. Gawanya kwa bei ya TV mpya ya ukubwa ule ule utakayonunua kweli, si ile uliyoitamani dirishani. Chini ya asilimia 30, tengeneza. Zaidi ya 50, acha. Katikati hapo umri ndio unaoamua: chini ya miaka mitano tengeneza, zaidi ya minane acha, na kati yake angalia TV ilitumikaje.

Tuseme TV ya inchi 32 ina miaka minne na taa zimekufa. Mikanda 35,000, ufundi 30,000, bajaji kwenda na kurudi 6,000. Jumla 71,000. Kama mpya ya ukubwa huo ni 350,000, umefika asilimia 20. Tengeneza bila kuuliza jirani. TV hiyo hiyo ikihitaji bodi ya 90,000 na ufundi wa 40,000, jumla na usafiri ni 136,000, karibu asilimia 39, na miaka yake minne bado inakuruhusu kutengeneza. Lakini kama mwaka huu huu ulishalipia taa, ongeza na zile 71,000. Sasa ni 207,000, umevuka nusu. Hitilafu mbili tofauti ndani ya miezi 12 mara nyingi zina mzazi mmoja, ama umeme wa nyumba ama joto, na mzazi huyo hajatengenezwa.

Usiingize kwenye hesabu ubovu usiokuwepo. TV smati ya zamani ambayo YouTube yake imegoma kufunguka haijaharibika. Programu zake zimezeeka. Kisanduku cha Android kwenye tundu la HDMI huirudishia kila kitu kwa sehemu ndogo ya bei ya TV mpya.

Chogo, plasma na LUKU

Hoja ya kwamba TV ya chogo "inakula umeme" imeuza TV nyingi mpya, na haijakaa vizuri. Chogo ya inchi 21 hutumia wati 80 hivi. Kwa saa 5 kila siku, ni yuniti 12 kwa mwezi. LED ya inchi 32 yenye wati 45 hutumia yuniti 7 kasoro. Mteja wa kawaida wa nyumbani anayelipa takriban shilingi 356 kwa yuniti ataokoa chini ya 2,000 kwa mwezi. Kurudisha shilingi 350,000 kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka 15. Badilisha chogo kwa sababu ya macho au nafasi, si kwa sababu ya umeme.

Kinachoimaliza chogo ni spea na matundu. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Arusha na Moshi mwaka 2013 inategemea king'amuzi, na ving'amuzi vipya vinakuja na HDMI, vingine vikiwa na tundu dogo la AV na vingine bila. Kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda AV kinatatua hilo kwa TV yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Flaibaki, transfoma inayozalisha zile volti kubwa za kioo, ikifa, au kioo kikiwa kimefifia hadi picha inachukua dakika kadhaa kuja, iage.

Plasma, aina ya TV bapa ya zamani, ni habari nyingine. Ya inchi 42 huenda wati 250: kwa saa 5 kwa siku ni yuniti 37 na nusu kwa mwezi. LED ya inchi 43 yenye wati 75 ni yuniti 11 na robo. Tofauti ni zaidi ya shilingi 9,000 kwa mwezi, zaidi ya laki moja kwa mwaka. Kama uko kwenye D1, daraja la bei nafuu la watumiaji wadogo wa umeme, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, TV peke yake imekula nusu ya nafasi yako. Viwanda vikubwa viliacha kutengeneza plasma kati ya 2013 na 2014, kwa hiyo bodi yoyote utakayopewa imetoka kwenye mzoga mwingine. Ikifa, usiifufue.

Kwa fundi

Kabla ya kuondoka nyumbani piga picha kibandiko cha nyuma chenye modeli na namba ya mfululizo, na video fupi ya dalili. TV bapa husafiri imesimama, kioo kikielekea kitu laini na tambarare, kama godoro au mgongo wa kiti uliowekwa blanketi. Ukiilaza chali kwenye keria, kila shimo la barabara linakunja kioo. Kwenye bodaboda hata usijaribu.

Mbele ya fundi, mwombe afungue mgongo ukiwepo na upige picha bodi zote kwa karibu, namba zake zionekane. Hii inamlinda yeye pia. Kisha muandikiane, hata kwenye karatasi ya daftari: tatizo lililopimwa, spea itakayowekwa, bei ya spea na ya ufundi kila moja peke yake, dhamana ya siku ngapi, na ile ya kioo kikipasuka. Ada ya kupima ilipwe hata usipotengeneza. Ni halali yake. Ambaye hupima bure atairudisha gharama hiyo mahali fulani.

Spea nyingi za TV huku kaskazini hutoka Kariakoo na kuja kwa basi kama kifurushi. Duka la Moshi likikosa mkanda, uliza Arusha, ni kilomita 80 tu, kabla ya kuagiza Dar. Mikanda ya taa hulinganishwa kwa namba iliyochapwa juu yake, idadi ya taa, urefu, na volti za kila taa. Kuna za volti 3 na za volti 6 zinazofanana kwa macho.

Siku ya kuchukua, usilipe salio mpaka TV iwake saa mbili mfululizo. Hitilafu nyingi za joto hazionekani dakika ya kumi. Zima taa za kibanda utazame kama mwanga umelingana pembe zote, kama kuna kivuli au vumbi lililonaswa ndani, jaribu kila tundu la HDMI, USB, antena na spika zote mbili. Omba spea mbovu zilizotolewa. Fundi mwaminifu huwa ameshazifunga kwenye mfuko.

Ukiamua kununua

Dukani omba iwashwe, iwekewe picha nyeupe tupu kutoka kwenye flashi, kisha nyeusi tupu. Nyeupe itaonyesha doa na mistari, nyeusi itaonyesha nukta zilizokwama na mwanga unaovuja. Angalia kama ina kipokezi cha DVB-T2 ndani, kwa matangazo ya antena, na cha S2 kama una dishi. Chukua risiti ya EFD na kadi ya dhamana yenye muhuri na tarehe, na uhifadhi boksi na maboya yake ya povu mpaka dhamana iishe.

Mtumba nao una yake. Soma kibandiko: kama kimeandikwa volti 100 pekee au 120 pekee, TV hiyo ilitengenezwa kwa soko la Japani au Marekani, na itaungua ukiichomeka hapa bila transfoma. Ya Japani pia haisomi matangazo yetu ya antena, utaitumia kwa HDMI tu. Tazama vichwa vya skrubu za mgongoni. Vilivyokwaruzwa vinasema imeshafunguliwa, basi uliza ilitengenezwa nini.

Yoyote utakayoweka ukutani, mpya au iliyofufuliwa, iachie sentimita 10 juu na pembeni ipumue, isikae juu ya jiko la mkaa. Gadi inasaidia umeme ukipanda, na hasa nyutro ikikatika kwenye nguzo, ambapo volti za nyumbani zinaweza kukaribia 400. Lakini gadi haizuii radi. Masika ikianza kunguruma mlimani, chomoa waya wa umeme pamoja na waya wa dishi au antena. Radi nyingi huingilia kwenye dishi, hupita king'amuzi, na kumalizia kwenye tundu la HDMI la bodi kuu.

Mzoga

TV yenye kioo kilichopasuka ina pawa saplai nzima, bodi nzima, taa, spika na rimoti. Kwa fundi hiyo ni duka la spea. Pita kwa watatu ukiwa na picha ya namba za bodi, waambie wataje bei kwa kila bodi, kisha uza kwa anayetoa zaidi na upunguze kwenye gharama ya mpya. Muuza chuma chakavu atakupimia kwa kilo, na plastiki haina kilo.

Chogo iliyokufa usiipasue kutafuta shaba. Glasi yake ina madini ya risasi, na ndani yake hakuna hewa, hivyo ikipigwa nyundo huvutwa ndani kwa nguvu kisha vipande hurukia uso. Mpelekee fundi ikiwa nzima, akutolee koili kwa njia yake, na watoto wasichezee kioo kitakachobaki.